Milango ya Fahamu na Ule wa Uani

Mwezi uliopita umeme ulikatika mtaani kwetu, nikatoka uani kama saa mbili usiku kuanua nguo. Hatua ya tatu tu, nikajikuta nimeruka nyuma: mgongo umegota ukutani, beseni limepinduka, kanga mbili ziko matopeni. Ndipo nikaangalia kilichonirusha. Mpira wa kumwagilia bustani, umelala umejikunja, kichwa chake cha shaba kikimeta kwa tochi ya jirani. Nikasonya, nikacheka, nikaziokota kanga.

Baadaye kitandani nikawa naupanga upya ule mfuatano. Miguu iliruka kwanza. Moyo ukafuata kwa kudunda. Mimi, yaani huyu anayejiita "mimi", nilifika wa mwisho, shughuli imekwisha, nikakuta mwili umeshaamua.

Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tumezoea kumsemea methali hiyo mtu aliyetendwa akakataa kuamini tena, lakini ukiisoma kama maelezo ya kinachotokea mwilini utaona ilivyo sahihi. Haisemi kwamba mtu huyo huutazama ung'ongo, akaudhania nyoka, akatafakari, kisha akaogopa. Anaona, anashtuka. Kudhani hakukupata nafasi.

Lugha yetu ina tabia moja ya kuchekesha katika jambo hili. Macho, masikio, pua, ulimi na ngozi tunaviita milango ya fahamu. Neva tunaziita mishipa ya fahamu. Aliyezimia amepoteza fahamu. Ukituamini, basi kila kinachoingia mwilini kinapitia sebuleni, mwenye nyumba ameketi, anakiona kikipita. Utafiti wa miaka hamsini na ushee unaonyesha kwamba nyumba ina mlango wa uani pia. Mizigo mingi hupitia huko, jikoni wanaanza kupika, na mwenye nyumba anakuja kusikia harufu tu.

Kwa hiyo hapa nitatenganisha mambo mawili. Kutambua kwa fahamu ni pale unapoona na unaweza kusema kwamba umeona. Kutambua bila fahamu ni pale jicho limepokea, ubongo umefanyia kazi, mwili umeitikia, lakini ukiulizwa unaapa hukuona kitu. Ni rahisi kusema hivyo. Kuthibitisha ndiyo kazi, maana utamjuaje mtu aliyeona bila kujua? Huenda aliona kidogo akaona aibu kusema. Huenda aliona akasahau palepale.

Jibu lilianza kupatikana London. Mwaka 1973 mgonjwa mmoja, ambaye vitabuni hutajwa kwa herufi D.B. peke yake, alifanyiwa upasuaji wa kichwa. Kipandauso kilikuwa kimemtesa tangu ujanani, na chanzo kilikuwa mishipa ya damu iliyojisokota vibaya nyuma ya ubongo, upande wa kulia. Wakaiondoa pamoja na sehemu ya ubongo iliyoizunguka. Sasa, sehemu ile ya kisogoni ndiyo inayopokea picha ya kila kilichopo upande wa kushoto wa mtazamo wetu. D.B. akaamka na macho mazima kabisa, lakini nusu ya kushoto ya dunia yake imezimika.

Mwanasaikolojia Lawrence Weiskrantz na wenzake wakamketisha, akakazia macho nukta moja mbele yake, wao wakawa wanawasha doa la mwanga upande ule uliokufa. Umeona nini? Sijaona kitu. Haya, bahatisha tu, nyoosha kidole unapodhani mwanga umewaka. Kidole kikaenda karibu kabisa na penyewe. Mstari huu umesimama au umelala? Siuoni. Bahatisha. Akapatia. Hii ni X au O? Akapatia tena, na tena, mara nyingi kuliko bahati inavyoweza kumpa mtu. Walipomwonyesha matokeo alistaajabu, akashikilia kwamba alikuwa anakisia tu. Taarifa ikachapishwa mwaka 1974, na hali hiyo ikapewa jina ambalo kwetu linaweza kuwa uoni wa kipofu.

Kuna kisa kingine kilichotolewa mwaka 2008 na Beatrice de Gelder na wenzake, nami hukipenda zaidi kwa sababu hakihitaji takwimu. Daktari mmoja alipata kiharusi mara mbili, kila kimoja kikaharibu upande mmoja wa kisogo, akawa kipofu kamili. Alikuwa akitembea kwa fimbo. Wakamwomba aiache, apite kwenye ujia mrefu. Hawakumwambia kwamba wamepanga vizuizi humo: maboksi, viti, vikorokoro. Akapita kote bila kugusa hata kimoja. Hapa akajipinda, pale akakaa upande upande kama mtu anayepenya kati ya magari yaliyobanana. Alipofika mwisho hakujua kwamba alikuwa amekwepa chochote.

Inawezekanaje? Kutoka kwenye jicho, njia kuu ya habari hupita kwenye kituo kilichomo katikati ya ubongo kiitwacho thalamasi, kisha huelekea kisogoni, na humo ndimo picha inamotengenezwa ile tunayosema "naona". Lakini si neva zote zinazofuata barabara hiyo. Nyingine huchepuka mapema na kwenda sehemu ya zamani zaidi iliyopo juu ya shina la ubongo, ambayo hata vyura na samaki wanayo ya kwao. Kazi yake ni kuelekeza macho na mwili: kuna kitu kinasogea kule, geuka, kuna kitu kinakujia, kwepa. Kisogo kikiharibika, barabara kuu imefungwa, lakini vichochoro vinapitika. Vichochoro hivyo hupitisha mambo machache tu. Daktari yule, alipoonyeshwa maumbo kama duara na mraba, alikisia ovyo kama yeyote ambaye angefumba macho. Alipoonyeshwa sura za watu, zilizokasirika na zilizofurahi, alikisia hisia za watu hao vizuri kuliko bahati. Ukifikiri kidogo, ni uchaguzi wa busara. Mraba hauna haraka. Mtu aliyekasirika ana haraka.

Utaniambia hao ni wagonjwa, sisi wazima yanatuhusu nini. Mgonjwa ni mtu ambaye ukuta wa nyumba yake umebomoka upande mmoja, ukaweza kuona mabomba yalivyopita. Mabomba ni yaleyale.

Chukua kisa cha D.F., mwanamke wa Uskoti aliyekuwa akiishi Italia. Mwaka 1988 alikuwa akioga, hita ya maji ya gesi haikuwa na njia nzuri ya kutolea hewa, akavuta kaboni monoksidi. (Ni hewa ileile isiyo na harufu inayoua watu kwetu wanapolala na jiko la mkaa chumba kimefungwa, kwa hiyo msomaji, jiko libaki nje.) Aliokolewa, lakini akapoteza uwezo wa kutambua maumbo. Rangi aliziona, vinyweleo vya ngozi aliviona, ila umbo la kitu hakulipata kabisa. David Milner alimshikia penseli mbele yake: imesimama au imelala? Hakuweza kusema. Kisha akanyoosha mkono kuichukua ili aikague, na mkono ukaenda moja kwa moja, kiganja kimegeuka sawasawa, vidole vimefunguka kwa kipimo, akaikamata.

Milner na Melvyn Goodale wakalitengenezea jaribio ambalo yeyote aliyewahi kutumbukiza barua posta atalielewa. Kibao cha duara chenye tundu jembamba, tundu linaweza kuzungushwa liwe wima, mshazari au la kulala. D.F. ana kadi mkononi. Akiambiwa aigeuze kadi hewani ifanane na mwelekeo wa tundu, anakosea vibaya. Akiambiwa aitumbukize, anaitumbukiza, na kiganja kinaanza kugeuka sawasawa tangu mkono haujafika nusu ya safari. Hitimisho lao ni kwamba kuona kunapofika kisogoni hugawanyika tena: mkondo mmoja hushuka kuelekea upande wa masikio kwa kazi ya kutambua hiki ni nini, mwingine hupanda kuelekea utosini kwa kazi ya kuuongoza mkono. Wa kwanza ndio unaotupa picha tunayoijua. Wa pili hufanya kazi kimyakimya. Mtazame mama anayeuza chapati barabarani: anageuza, anapaka mafuta, anahesabu chenji, anakusimulia habari za mwanawe, na vidole vinashika ukingo wa chapati ya moto bila yeye kukitazama kikaango kwa zaidi ya nukta moja. Muulize amejuaje chapati iko wapi. Atakushangaa.

Mpaka hapa mlango wa uani umejitetea vizuri. Tatizo linaanza pale watu wanapotaka upitishe makontena.

Wahamasishaji wetu wa kumbi za hoteli wanapenda sana picha ya mlima wa barafu baharini, kilele kidogo juu ya maji ndiyo akili unayoijua, na shina kubwa chini ndiyo akili iliyofichika. Wanaionyesha kwa hadhira ambayo barafu inaijua ya kwenye friji. Kisha hufuata asilimia: 90 au 95 ya maamuzi yako hufanywa bila wewe kujua. Sijawahi kuonyeshwa aliyehesabu, wala alihesabu maamuzi ya nani. Baada ya hapo huja kanda ya kusikiliza usingizini, na bei yake.

Mzizi wa biashara hii una tarehe. Mwaka 1957 mtaalamu wa masoko wa Marekani, James Vicary, aliwaita waandishi wa habari akatangaza kwamba katika ukumbi wa sinema wa Fort Lee, New Jersey, alikuwa amerusha maneno kwenye skrini kwa kasi ya sehemu moja ya 3,000 ya sekunde, kila baada ya sekunde 5, yakihimiza watu wale bisi na wanywe Coca-Cola. Hakuna aliyeyaona. Mauzo ya bisi, alisema, yalipanda kwa zaidi ya nusu, na ya soda kwa kama asilimia 18. Watu wakaingiwa na hofu, magazeti yakachachamaa, na Uingereza ikayapiga marufuku matangazo ya namna hiyo. Ila kila aliyejaribu kurudia hakupata kitu. Mwaka 1962 Vicary mwenyewe akakiri katika mahojiano kwamba takwimu alizokuwa nazo zilikuwa haba mno kuwa na maana yoyote. Hofu ilikuwa imeshaota miguu, nayo inatembea mpaka leo.

Kuhusu zile kanda kuna jaribio moja tamu la mwaka 1991, la Anthony Greenwald na wenzake. Walichukua kanda zenye ujumbe usiosikika, nyingine za kuimarisha kumbukumbu, nyingine za kujiamini, kisha kwa baadhi ya watu wakabadilisha lebo. Aliyedhani anasikiliza ya kumbukumbu huenda alikuwa anasikiliza ya kujiamini. Baada ya wiki kadhaa hakuna kanda iliyoleta athari iliyodaiwa: kwenye vipimo watu walipanda kwa jumla, kanda iwe ipi, lakini zaidi ya theluthi moja walisema wameona mabadiliko, na mabadiliko waliyoyaona yalifuata lebo. Ujumbe uliopita chini ya kizingiti haukufanya kitu. Maandishi ya juu ya boksi, yaliyosomwa kwa macho makavu, ndiyo yaliyofanya.

Kwani basi maneno yanayopita kasi hayaingii kabisa? Yanaingia, na hapa ndipo panapohitaji uangalifu. Mwaka 1998 Stanislas Dehaene na wenzake huko Ufaransa waliwapa watu kazi ndogo: namba itatokea, bonyeza kwa mkono mmoja ikiwa ni kubwa kuliko 5, kwa mwingine ikiwa ndogo. Wasichojua ni kwamba kabla ya namba hiyo kulikuwa na nyingine iliyowaka kwa milisekunde 43 tu, imebanwa na herufi ovyo mbele na nyuma, kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuisema. Tuseme iliyofichwa ni 9 na inayoonekana ni 6. Zote zinataka mkono uleule, jibu linatoka upesi. Iliyofichwa ikiwa 1, jibu linachelewa kidogo, na vipimo vya ubongo vilionyesha kwamba eneo linalotawala mkono usiotakiwa lilikuwa limeshaanza kujiandaa. Yaani namba isiyoonekana ilisomwa, ikalinganishwa na 5, na mkono ukapata amri. Ni jambo la ajabu kweli. Lakini tazama ukubwa wake: ucheleweshaji wa sehemu ndogo ya sekunde, kwa kazi ambayo mtu tayari alikuwa ameshakubali kuifanya, na athari yenyewe huyeyuka upesi. Kutoka hapo mpaka kukuinua kitini, kukupanga foleni na kukutoa pesa mfukoni ni safari ndefu.

Wanasayansi nao waliteleza hapa, haikuwa matapeli peke yao. Mwaka 1996 John Bargh na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York walitoa utafiti uliosifika sana. Wanafunzi walipewa maneno wayapange yawe sentensi, na kwa baadhi yao maneno yalichovywa katika uzee: makunyanzi, mvi, na mengine ya jamii hiyo. Walipotoka kwenye chumba walitembea polepole zaidi kuliko wenzao, bila kujua. Vitabu vikajaa kisa hicho. Mwaka 2012 Stéphane Doyen na wenzake wa Ubelgiji walirudia, na badala ya mtu mwenye saa mkononi wakaweka miale ya kupima mwendo yenyewe. Mwendo haukupungua. Kisha wakafanya jambo la kijanja zaidi: wakawaambia baadhi ya wasimamizi watarajie wanafunzi kutembea polepole. Hapo ndipo matokeo yakajitokeza. Mwaka huohuo Daniel Kahneman, mshindi wa Nobeli ambaye mwenyewe alikuwa amezipamba tafiti hizi, aliwaandikia wenzake waraka wa wazi akiwaonya kwamba fani yao inaelekea kwenye ajali wasipoanza kuhakikiana.

Mimi nadhani jaribio la Doyen lilifukia jambo moja likafukua lingine kubwa zaidi. Kitu fulani kilipita bila kujulikana kutoka kwa msimamizi kwenda kwa mwanafunzi, sauti labda, au namna ya kusimama. Na hilo halikuwa geni. Berlin, mwanzoni mwa karne ya 20, kulikuwa na farasi aitwaye Hans, bwana wake mwalimu mstaafu Wilhelm von Osten. Ukimuuliza hesabu, Hans anagonga kwato mpaka jibu, kisha anaacha. Hata asipokuwepo bwana wake aliwajibu wageni, kwa hiyo ulaghai haukuonekana. Oskar Pfungst akamchunguza kwa subira, na taarifa yake ikatoka mwaka 1907. Anayeuliza akiwa hajui jibu, Hans naye hajui. Akizibwa macho asimwone anayeuliza, hajui. Kumbe kila anayeuliza huinamisha kichwa kidogo sana kutazama kwato, na kwato zikifika kwenye jibu, kichwa huinuka kwa kiasi kisichoonekana kwa mtu wa kawaida. Farasi alikuwa anaisoma shingo. Pfungst akakaa mahali pa farasi, akagonga kwa mkono wake, watu wakafikiria namba, naye akapatia karibu wote kwa kutazama vichwa vyao. Wao hawakujua kwamba wamesema chochote.

Kwa hiyo mlango wa uani una pande mbili. Tunapokea tusivyojua, na tunatoa tusivyojua, na mtu mbele yetu naye anapokea. Anayeuza nguo sokoni anajua kwamba umeipenda shati kabla hujauliza bei. Ukimuuliza kajuaje atakwambia "nimezoea tu".

Upande wa pili wa jambo hili ni sebule yenyewe, ambayo tunaidhania ina nafasi kubwa. Haina. Daniel Simons na Christopher Chabris walionyesha mwaka 1999, kwa video ya vijana wanaorushiana mpira wa kikapu. Unaambiwa uhesabu pasi za wenye fulana nyeupe. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa vazi la gorila anaingia, anasimama, anajipigapiga kifua, anatoka. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Utasema ni wanafunzi wasiojali. Basi mwaka 2013 Trafton Drew na wenzake waliwapa madaktari 24 wa mionzi picha za mapafu za CT watafute vinundu vya saratani, wakabandika humo gorila mdogo, mkubwa mara 48 ya kinundu cha kawaida. Ishirini kati yao hawakumwona. Kifaa cha kufuatilia macho kilionyesha kwamba wengi wa hao ishirini walikuwa wameelekeza jicho palepale alipo.

Hilo la mwisho ndilo nataka ulishike unapofika njia panda. Dereva anatazama kulia, anaona hakuna gari, anaingia barabarani, na bodaboda inamgonga mlangoni. "Wallahi sikumwona." Watu wanaokusanyika humwita mwongo, mara nyingine humpiga. Inawezekana kabisa anasema kweli, na inawezekana jicho lake lilitua juu ya bodaboda yenyewe. Alikuwa anatafuta gari: kitu kipana, chenye taa mbili. Sebule ilishapanga nani anaruhusiwa kuingia. Simu ikiwa sikioni nafasi inabana zaidi, hata kama mikono yote miwili iko kwenye usukani, kwa sababu kilichoibwa ni usikivu wa akili. Simsemi ili ahurumiwe. Aliyevunjika mguu amevunjika. Lakini kumwambia dereva "uwe makini" ni kumwambia afanye kile alichoamini anakifanya.

Lililonishangaza kuliko yote nililiacha makusudi mpaka hapa. Ni lile linalofuata baada ya mwili kuitikia.

Katika miaka ya 1970 Michael Gazzaniga, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Roger Sperry, yule aliyepata Nobeli mwaka 1981 kwa utafiti wa aina hii, alikuwa akichunguza wagonjwa wa kifafa kikali waliokatwa daraja la neva linalounganisha nusu mbili za ubongo. Kwa watu hawa, kinachoonyeshwa upande wa kushoto hufika nusu ya kulia, ambayo kwa wengi wao haina maneno. Kijana mmoja alionyeshwa picha mbili kwa wakati mmoja: ukucha wa kuku kwa nusu yenye kusema, na theluji iliyofunika nyumba kwa nusu isiyosema. Kisha akaombwa achague picha zinazoendana na alichokiona. Mkono wa kulia ukachagua kuku. Wa kushoto ukachagua beleshi, ambalo kwa nchi za theluji ndilo la kuzolea. Akaulizwa kwa nini. Sehemu iliyojibu haikuwa imeona theluji yoyote. Hakusita hata kidogo: ukucha unaendana na kuku, na beleshi ni la kusafishia banda la kuku.

Hakudanganya. Aliona mkono wake umeshika beleshi, akalitafutia beleshi sababu, akaipata ya karibu, akaiamini. Kule Geneva daktari Édouard Claparède alikuwa ameona jambo la jamaa yake, akaliandika mwaka 1911. Alikuwa na mgonjwa wa kike asiyeweza kukumbuka jambo jipya; kila asubuhi daktari alijitambulisha upya. Siku moja akaficha pini kiganjani, wakapeana mikono, ikamchoma. Muda si mrefu mama wa watu akawa amesahau tukio. Daktari alipomnyooshea tena mkono, akaurudisha wake nyuma. Kwa nini? Akababaika kidogo, kisha akasema wakati mwingine watu huficha pini mikononi. Mtafunwa na nyoka, na nyoka mwenyewe hamkumbuki.

Ndiyo maana tiba ya kujichunguza nafsi ina mipaka. Ukijiuliza kama unawapendelea watu wa kwenu, anayekujibu ni yule msemaji wa banda la kuku. Penye umuhimu, watu wenye busara wameacha kumtegemea, wakaziba tundu lenyewe. Mtahiniwa wa mtihani wa taifa Tanzania haandiki jina kwenye karatasi ya majibu, anaandika namba. Jina lingesema mengi kwa msahihishaji, kabila, dini, jinsia, na lisingemwomba ruhusa. Namba haisemi kitu.

Nililieleza hili kwa rafiki yangu mwalimu ambaye amewahi kusahihisha mitihani miaka kadhaa. Akakubali, akausifu utaratibu. Nikamwambia, jina limefichwa sawa, lakini mwandiko je? Akasema mwandiko mzuri ni raha, ukifika karatasi ya mia mbili na macho yamechoka, ukakutana na herufi zilizosimama vizuri, hata chai inakuwa tamu. Nikaanza kumuuliza kama inawezekana raha hiyo huwa inaongeza...

"Hata alama moja," akasema, kabla sijafika mwisho wa swali.